Mpaka Mafuta Yashuke

Kitomanga, Lindi
3 Machi 1974

Kwa mdogo wangu Abdurahmani,

Marahaba. Naitikia kabisa, maana najua ukifungua tu bahasha utasema shikamoo hata kama sikuoni. Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Mvua imeanza kwa vitisho. Mtama wa bondeni umeota vizuri, na nguruwe wanaousubiri wamenawiri kuliko mtama wenyewe. Yule mbuzi jike kazaa mapacha, mmoja kafa. Ndugu zetu wa Rondo wanakusalimu. Mpe Somoe mkeo salamu zangu nyingi, mwambie ule ukili alioniletea niliushona mkeka mzuri sana, na mkeka wenyewe umeshaibiwa.

Usishangae mwandiko, ni wangu. Nimemaliza kitabu cha pili cha kisomo cha watu wazima na sasa sitaki tena mwalimu Nikodemo aniandikie barua. Kila nikimtajia neno kali yeye anaweka neno laini, halafu ananisomea kama vile nimelisema mimi.

Mwanetu Mboni ana mimba, ya kwanza. Kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba, kwa hiyo habari hii ni yako kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Hajambo, ila anatapika na anataka udongo. Mumewe, Dadi, bado ndiye muuzaji wa duka la kijiji. Jengo la duka halijaezekwa mpaka leo, basi chumvi, sabuni na mafuta vyote viko chumba cha mbele cha nyumba yake. Ukitaka kumjulia hali mwanao unapita kwanza katikati ya mapipa.

Sasa jambo lenyewe. Mafuta ya taa, ndugu yangu! Yamepanda tena. Juzi nimekwenda na chupa yangu, Dadi akanitajia bei mpya huku anatazama chini. Nikamuuliza, mkwe wangu, hiyo ni bei ya mafuta au ya asali? Akasema ndiyo iliyokuja na pipa. Nikarudi na chupa yangu tupu, hasira zimenijaa mpaka chakula hakikupita.

Nikodemo alitusomea gazeti darasani kwamba huko Ulaya watu wameigomea petroli. Jumapili magari wanayaacha nyumbani, wanatembea kwa miguu, hata wakubwa wao. Nikasema, kumbe! Sisi tunashindwa nini? Unawakumbuka wale wachuuzi wa samaki wanaokuja na baiskeli kutoka Mchinga? Walipopandisha bei ya changu, akina mama tulikaa kimya asubuhi nzima, hakuna aliyenyoosha mkono. Adhuhuri wakaanza kutubembeleza. Alasiri wanatuuzia kwa bei tuitakayo sisi. Basi tumekubaliana wanawake wote wa kijiji, wenyeji na wahamiaji: kila Ijumaa hakuna kununua mafuta. Wewe uko gatini, mapipa yanapita mikononi mwako. Hebu niambie, tukigoma hivyo, bei itaanza kushuka lini?

Dada yako,
Adija binti Likwata


Kilwa Masoko
24 Machi 1974

Dada Adija, shikamoo.

Barua yako aliniletea Alfonsi, dereva wa lori, ikiwa inanuka dagaa. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha ya mwandiko tu. Baba angekuwa hai angeibandika ukutani. Sisi tupo. Mtoto wa pili aliugua surua, sasa anakula. Mgongo wangu ni ule ule. Meli ilikuja wiki iliyopita na tumebingirisha mapipa mpaka nikashindwa kuinama kutawadha. Somoe alicheka habari za mkeka, kisha akakasirika, kisha akasema atakuletea ukili mwingine.

Kwa Mboni, alhamdulillahi. Mwambie mjomba wake kasema asibebe ndoo.

Hilo la mafuta umeniuliza kama mtu anayejua. Dada, mimi nabingirisha pipa, anayelijaza simjui. Lakini kwa kuwa umeniuliza nitasema nionavyo, na usinune.

Ijumaa msiponunua, Alhamisi mtafanya nini? Si mtapanga foleni? Mwenye mafuta anahesabu wiki nzima, hahesabu Ijumaa. Chupa aliyoikosa Ijumaa ameshaipata Alhamisi au ataipata Jumamosi.

Na samaki, dada, anaoza. Ile siku ya changu mliowashinda si wale wachuuzi, mlisaidiwa na jua. Mafuta hayaozi. Pipa nililolibingirisha leo naweza kulikuta pale pale mwakani, halina habari na mtu. Mwenye samaki anakimbizana na jua, mwenye mafuta anakimbizana na nini?

Halafu hao wa Ulaya hawakugoma. Mafuta yaliwapungukia, serikali zao zikawakataza magari. Usimwamini Nikodemo akisoma kwa hasira. Nasikia Waarabu na Wazungu wamekorofishana huko kwao, na ule msemo wa tembo na nyasi umeshatuchosha masikio lakini ndio huo huo. Bei inafika Dadi ikiwa imeshapangwa, na hao waliompangia nao wanasema imepangwa ng'ambo. Dadi hana anachokiweza hapo isipokuwa kutazama chini, kama ulivyomwona.

Punguzeni matumizi, hilo sawa. Mtu akizoea kulala mapema anakuwa amejisaidia mwenyewe. Ila msitegemee mtu wa mbali atasikia.

Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Abdurahmani


Kitomanga
19 Aprili 1974

Abdurahmani,

Marahaba, ingawa barua yako imenichoma. Nyumbani wazima wote. Mvua inanyesha kama imekodiwa. Paa la jikoni limeanguka upande mmoja. Yule pacha wa mbuzi aliyebaki anaitwa Mkaidi, watoto ndio waliompa jina hilo, na sijui walikuwa wanamtazama nani.

Ulisema kweli kuhusu Alhamisi. Nimekupa hiyo, ichukue. Alhamisi ya kwanza watu walijaa barazani kwa Dadi kuliko siku ya Idi. Martina, yule Mmakonde aliyehamishiwa hapa na watoto wake, rafiki yangu sana siku hizi, alikuja na madumu mawili. Nikamuuliza, mwenzangu, na haya? Akasema, si kesho tunagoma? Nilicheka nikakaa chini.

Basi mambo ya Ijumaa tumeyaacha. Sasa hatununui kabisa. Tunawasha mafuta ya nyonyo kama bibi zetu, moshi unatutoa machozi, lakini tunakula kabla jua halijazama na mambo yanakwenda. Umesema samaki anaoza na mafuta hayaozi. Sawa, mafuta hayaozi, lakini duka linaoza. Dadi akikaa na pipa lililojaa mwezi mmoja, miwili, si atawaandikia wakubwa wake? Na wakubwa si watawaandikia wakubwa wao?

Na tumewekeana sharti, maana watu wetu bila sharti hawaendi. Atakayeonekana anakanyaga baraza ya Dadi tutajua amefuata mafuta, na yeye tutamsusia kama tulivyomsusia Dadi. Kanuni nimeitoa mimi, na wote wamenyoosha mikono.

Unasema nisitegemee mtu wa mbali atasikia. Haya, nifanye nini? Nitazame chini kama Dadi?

Adija


Kitomanga
26 Mei 1974

Abdurahmani,

Ni barua ya pili hii na sijaona jibu. Sijui umenuna, au mgongo, au ndiyo barabara. Wazima sisi. Mtama tumevuna kidogo, nguruwe wamevuna zaidi. Dukani unga unaopatikana ni ule wa mahindi ya njano, watoto hawautaki, na sisi tunaogoma ndio kabisa hatuuoni.

Bei bado haijashuka. Lakini hatujanunua hata tone. Nilitaka ujue hilo.

Adija


Kilwa Masoko
9 Juni 1974

Dada, shikamoo.

Barua zako mbili zimefika siku moja. Mto Mbwemkuru ulikata barabara, malori yamelala ng'ambo zote mbili, na Alfonsi amekaa huko mpaka akaota ndevu. Poleni na paa. Huku wazima. Somoe anasema huyo mbuzi mpeni jina jingine kabla hajakua nalo. Kazi imekuwa chache, meli zinachelewa, tunakaa gatini tunatazamana.

Nimesoma barua zote mbili, nikazirudia. Umeniandikia habari za mbuzi, za nguruwe, za paa, za unga. Mwanangu Mboni umemtaja wapi? Barua ya kwanza anatapika na kutaka udongo, halafu kimya. Nikasema labda kasahau. Dada yangu hasahau.

Nikamuuliza Alfonsi. Kwanza akajizungusha. Mwisho akaniambia alisimamisha lori pale kisimani kwenu kuweka maji kwenye rejeta, akamkuta Mboni amefika na ndoo, tumbo limeshatangulia mbele. Akina mama waliokuwa pale wakanyanyua ndoo zao, nyingine hazijajaa, wakaondoka. Hakuna aliyemtwisha. Akajitwisha mwenyewe kwa kupiga goti. Alfonsi anasema alitaka kushuka amsaidie, akaona haya kwa vile ni mwanamume wa njiani.

Dada, mlisema mnasusia mafuta. Mboni ni mafuta?

Mimi nashika mapipa miaka mingi sasa. Sijaona pipa likilia kwa sababu halikununuliwa. Yule wa ng'ambo aliyepandisha bei hajui kama Kitomanga ipo. Wa Dar anajua, lakini ana vijiji vingine. Katika mlolongo wote ule mmempata mmoja tu ambaye mkono wenu unamfikia, naye ni mkweo. Mnampiga huyo kwa kuwa ndiye aliye karibu.

Nijibu habari za Mboni. Za mbuzi baadaye.

Abdurahmani


Kitomanga
23 Juni 1974

Abdurahmani,

Marahaba. Wazima. Leo sina habari nyingine za kukupamba.

Unaniuliza Mboni ni mafuta. Unaniuliza kama hakimu. Njoo wewe basi, mjomba mtu, ukae hapa na wanawake hawa uone kama utaweza kulitenga pipa na mwenye pipa. Sisi tumelelewa na kususa kwa namna moja tu, na wewe unaijua. Mtu akikosea kijiji, hazikwi kwa heshima, hapikiwi, moto haombwi kwake wala hapewi, salamu yake inajibiwa na ukuta. Mpaka apike, aite watu, wale kwake, ndiyo yaishe. Nani alitufundisha kususia chupa ya mafuta peke yake? Nilidhani itakuwa nyepesi. Nilisema tusinunue, wao wakasikia tumtenge. Na sharti la baraza nililitoa mimi mwenyewe, mdomo wangu huu.

Wazee walimwita Dadi wakamwambia apike awaombe watu radhi, mambo yaishe. Akawauliza, nimekosa nini? Wakasema, wewe pika tu. Akasema, basi nikipika nitakuwa nimekiri kosa nisilolijua, sipiki. Akaenda zake. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake na nikamchukia, Abdurahmani, nikamchukia sana kwa sababu alikuwa amesema kweli mbele za watu.

Mboni alinijia nyumbani wakati wa zile mvua kubwa. Hili sikukuandikia. Alisimama uani hakukaa. Akaniuliza, mama, siku zangu zikifika utakuja? Na mimi nilikuwa na akina Martina pale, wote wananitazama mimi niliyetoa sharti. Nikamjibu, kizingiti kile sitakivuka mpaka mafuta yashuke. Nilisema kwa sauti ili wasikie. Akaniangalia tu. Akasema haya, mama, akaondoka.

Tangu hapo namwona kwa mbali. Anatembea ameshika kiuno. Sisi tumezoea mimba ya kwanza msichana anarudi kwa mama yake. Nilimtumia mtu aje nyumbani kwangu ajifungulie huku. Akajibu kwamba nyumba yake ni ile, na mumewe hawezi kumwacha peke yake na ukimya.

Unataka nifanye nini? Nikivuka, wanawake wote niliowasimamisha nitakuwa nimewageuka. Miezi yote hii ya moshi wa nyonyo itakuwa bure. Nisipovuka, unajua. Siku zake zinafika mwishoni mwa mwezi ujao. Nimechoka, ndugu yangu. Naamka nimechoka.

Niambie tu kama kuna dalili. Hata kidogo. Hata senti. Ikishuka hata kidogo nitasema imeshuka na nitakwenda mbio.

Adija


Kilwa Masoko
14 Julai 1974

Dada yangu, shikamoo.

Huku wazima. Barua hii nimeianza mara tatu. Somoe ndiye aliyenikalia kooni, kasema kama siiandiki ataiandika yeye, na unajua ulimi wake.

Hakuna dalili, dada. Gatini wanasema itapanda tena. Sitaki kukudanganya ili ukimbie.

Na kuna jambo nimelijua tangu mwezi wa sita nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ulisema hamjanunua hata tone, ukaniambia unataka nijue, nikaona nani mimi wa kukuvunja. Lile pipa la Kitomanga, mwezi wa sita halikuja kwenu. Karani wa ghala alisema Kitomanga hawanunui, lakini Mchinga wanaomba zaidi, watu wa Mchinga wamekuwa wanywaji wa mafuta mwaka huu. Akafuta, akaandika Mchinga. Mimi mwenyewe nililibingirisha likapandishwa kwenye lori la Alfonsi. Na mwezi huu hivyo hivyo, mawili.

Nikamuuliza Alfonsi, Mchinga wamefanya nini na mafuta yote hayo, wanaoga? Akacheka. Anasema wale wachuuzi wa samaki wenye baiskeli, siku hizi nyuma ya tenga la samaki hawakosi dumu. Wanapanda nalo Kitomanga asubuhi, wanashuka nalo tupu. Na wanauza ghali kuliko Dadi, kwa sababu ya kazi ya kukanyaga baiskeli.

Dada, sijui nani ananunua. Sikuwepo. Lakini nyonyo hainunuliwi Mchinga kwa madumu. Tazama madirishani jioni. Moshi wa nyonyo na mwanga wa mafuta ya taa wewe unaujua kuliko mimi.

Kwa hiyo wenye mafuta hawakupoteza hata chupa. Mafuta yamezunguka tu, yameingia kwa mlango mwingine. Aliyepoteza ni Dadi na mwanetu.

Ningekuja mwenyewe. Meli inatarajiwa wiki yoyote na nikikosekana watamchukua mtu mwingine, hapa mlangoni wamejaa. Nisamehe kwa hilo. Kama mjomba mtu nasema neno moja: vuka.

Abdurahmani


Kitomanga
4 Agosti 1974

Abdurahmani mdogo wangu,

Marahaba, marahaba sana. Mboni amejifungua mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima, mweusi kama baba yetu na masikio yake. Nimeandika hilo kwanza ili usiendelee kusoma umebana pumzi.

Barua yako niliisoma shambani, mara moja, nikaichoma. Nilikuwa nimekukasirikia wewe kwa kuwa hakukuwa na mwingine karibu. Ndivyo tulivyo. Jioni nikatembea kijijini kama mtu anayetafuta mbuzi. Nyumba ya kwanza mwanga safi. Ya pili, safi. Kwa mwenyekiti wanawasha karabai kabisa. Aliyekuwa anatoa machozi kwa moshi wa nyonyo kijiji kizima nilikuwa ni mimi, na bibi mmoja kipofu ambaye hata hawashi.

Nikaenda kwa Martina. Koroboi yake inawaka mlangoni wala hakuificha. Nikamuuliza, mwenzangu, haya mafuta ya wapi? Akasema ya Mchinga. Nikamuuliza, tangu lini? Akasema, tangu ule mwezi wa mavuno, kwani wewe hukujua? Tulidhani unajua, unanyamaza kwa heshima yako. Hakuwa na ubaya, Abdurahmani. Alikuwa ananimenyea muhogo huku tunaongea. Nikamwambia, unanunua ghali kuliko kwa Dadi. Akasema, najua. Nikamuuliza, basi Dadi tunamsusia nini sasa? Akafikiri kidogo, kisu mkononi. Akasema, da Adija, tumeshazoea.

Nilikaa pale nikamaliza kipande changu cha muhogo. Wengine waliofika nikawauliza na wao. Mmoja akasema Dadi ana kiburi, hakutaka kupika. Mwingine akasema Mboni haamkii watu siku hizi. Kila mtu ana yake, mafuta hakuna aliyeyataja.

Haikupita wiki redio ya Nikodemo ikatangaza mafuta yamepanda. Watu wakaguna, wakaenda mashambani. Mimi nikaoga, nikajifunga khanga zangu safi, nikatoka. Mchana kweupe, wanawake wako kisimani wote wananiona. Sikupita uchochoroni. Nilipokanyaga baraza nikasikia kisima chote kimenyamaza.

Dadi alikuwa nyuma ya meza, hana mteja. Alisimama, akakosa pa kuweka mikono. Alitaka kunipa stuli, akaiacha, akasogeza pipa tupu ili nipate njia. Mboni alikuwa mlango wa ndani, ameegemea, uchungu ulikuwa umeshamwanza tangu alfajiri na hawakuwa wamemwambia mtu, wamwambie nani? Akanitazama kama siku ile uani. Akaniuliza, "Mama, yameshuka?"

Nikamwambia, "Yamepanda, mwanangu. Nipishe niingie."

Akanipisha.

Tulikuwa watatu tu. Zahanati ni mbali na hakuna ambaye angembeba kwa machela. Kazi za wanawake watano nilifanya mimi, na zilizobaki akafanya Dadi, mwanamume, mkwe wangu, ambaye nilitakiwa hata uso wake nisiutazame sana. Alichota maji, akachochea moto, akashika mkono wa mkewe nilipomwambia shika. Alilia kuliko Mboni. Mtoto alipotoka nilipiga vigelegele peke yangu. Vigelegele vya mtu mmoja, Abdurahmani, usiombe uvisikie. Nilipiga, nikanyamaza nisikie kama kuna nyumba itakayoitikia. Nikapiga tena, nikaacha.

Siku ya saba tulipika. Dadi alichinja mbuzi mmoja aliyekuwa akimfuga, mimi nikapika wali sufuria kubwa, ile ya shughuli, niliyoazima zamani nikawa sijairudisha. Sikutaka kupika kidogo. Nilisema labda wakinusa. Tukatandika mikeka mpaka nje. Alikuja mwalimu wa chuo cha Kurani kwa kuwa ni wajibu wake kumwombea mtoto dua, akala haraka, akaaga. Alikuja Nikodemo akasimama pembeni, hakula, akasema tumbo. Basi. Wapita njia walipita wakitazama upande wa pili. Tukala wenyewe watatu, tukala tena, wali ukabaki. Asubuhi nikawapa kuku.

Nilikwenda kisomo juzi. Benchi nililokaa lilibaki na mimi. Martina alikaa la nyuma, akanitazama kwa huruma, lakini hakuhama. Simlaumu. Kanuni ni yangu mwenyewe na wanaifuata vizuri.

Mboni ameniuliza kama najuta. Nikamwambia najuta kuchelewa. Hapo alipo amelala, mtoto ananyonya, na mimi nipo. Hilo ninalo na hawataninyang'anya. Lakini sikufichi, mdogo wangu, nimechoka mpaka mifupa. Nilitaka mtu mmoja mkubwa huko mbali asikie tumechoka. Hakusikia. Aliyesikia ni mwanangu.

Arobaini itaangukia mwanzoni mwa mwezi wa tisa, kabla ya Ramadhani. Mtoto lazima atolewe nje mbele za watu, siwezi kumtoa mbele ya kuku. Njoo, hata kama ni kwa siku moja, hata kama meli imekuja. Mlete Somoe na watoto wote. Na kama huko Kilwa utapata watu wasiotujua, njoo nao.

Ni mimi dada yako,
Adija binti Likwata